Mwongozo kamili: jinsi ya kujua jeni gani imegoma kwenye seli za nywele za sikio la ndani, hatua kwa hatua

Kama unasoma baiolojia ya sikio au umeingia maabara inayofanya kazi na panya, siku moja utawekewa picha mbele yako: koklea (mrija wa kusikia uliojikunja kama konokono ndani ya sikio) ya panya aliyetolewa jeni fulani, mstari wa kijani wa seli zilizotiwa rangi huku umekatika, kule seli zimerundikana, na swali ni moja tu, nini kimeharibika na kimeharibika lini. Wengi wanaanza kwa kukariri majina, Sox2, Atoh1, Pou4f3, Gfi1, Tbx2 na mengine kibao, wakifika kwenye picha yenyewe wanakwama. Mimi natumia njia nyingine, na ndo ninayowafundisha wadogo zangu wa maabara: uliza maswali kwa mpangilio ule ule ambao sikio lenyewe linajengwa. Kila jeni ina saa yake ya kufanya kazi, na ikigoma saa hiyo inaacha alama ambayo jeni ya saa nyingine haiwezi kuiacha. Ukishika mpangilio, majina yatakuja yenyewe.

Hatua ya 1: weka ramani kichwani kwanza

Seli za nywele siyo nywele kabisa. Ni seli zilizo kwenye utando wa sikio la ndani, na kila moja juu yake ina kishungi cha vinyweleo vidogo sana vilivyopangwa kama ngazi, kifupi, cha kati, kirefu. Sauti ikifika majimaji yanatikisika, vinyweleo vinainama, umeme unaingia kwenye seli, mshipa wa fahamu unapeleka habari kwenye ubongo.

Ukiikunjua koklea na kuilaza bapa kwenye slaidi, kwa panya ni kama milimita 6 na kwa binadamu ni kama 35, utaona mpangilio uliotulia kabisa: safu moja ya seli za ndani, halafu nafasi ndogo yenye seli nguzo, halafu safu tatu za seli za nje. Moja, nafasi, tatu. Kati ya kila seli ya nywele na mwenzake kuna seli saidizi, yaani hakuna seli mbili za nywele zinazogusana. Hii sentensi ya mwisho ishike sana maana tutairudia.

Binadamu anazaliwa na takriban seli za ndani 3,500 na za nje 12,000 kwa kila sikio, basi. Zikifa kwa kelele, dawa au uzee hazioti tena. Ndo maana tunahangaika kujua zilijengwaje mara ya kwanza.

Hatua ya 2: hakikisha umri, hakikisha sehemu, hakikisha ndugu zake

Hapa nakaa kidogo kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapa hata kabla ya kufika kwenye jeni.

Koklea haikomai yote kwa mpigo. Tena ina mambo mawili yanayokwenda kinyume. Seli zinazoandaliwa kuwa za nywele zinaacha kugawanyika kuanzia kwenye kilele (ncha ya ndani ya mkunjo wa koklea), kwa panya ni karibu siku ya 12 na nusu ya mimba, wimbi linashuka mpaka kwenye kitako (mwanzo mpana wa koklea) karibu siku ya 14 na nusu. Ila kuanza kuwa seli za nywele zenyewe kunaanzia upande wa kitako, halafu kunapanda kuelekea kileleni kwa siku kadhaa. Maana yake seli za kileleni zinaacha kugawanyika mapema halafu zinakaa zinasubiri, na moja ya vitu vinavyozisubirisha ni ishara ya Shh, protini ya kupelekeana ujumbe, inayotoka kwenye neva zilizo jirani, hiyo ishara ikipungua ndo zinaruhusiwa kuendelea.

Sasa chukua koklea ya siku ya 16 na nusu. Kitakoni utakuta safu zimeshaanza kujipanga vizuri, kileleni karibu hamna kitu, na huyo ni panya mzima kabisa! Mwanzoni mwa kazi hii niliwahi kuandika kwenye daftari langu kwamba mnyama fulani hana seli za nywele, kumbe nilikuwa nimepiga picha ya kilele, siku mbili zilizofuata nilizitumia kutafuta ugonjwa ambao haupo. Tangu siku hiyo sisomi picha yoyote bila kujua mambo matatu: umri wa kiinitete, sehemu ya koklea (kitako, katikati, kilele) na picha ya ndugu yake wa uzao mmoja mwenye jeni nzima, iliyopigwa sehemu ile ile. Kama mtu anakuletea picha bila hivyo vitu, mrudishe kwanza, wala usione haya.

Rangi za kuwa nazo: antibodi (protini inayoshika kitu kimoja tu na kukiwasha rangi) ya Myo7a inayoonyesha seli za nywele, Sox2 inayoonyesha seli saidizi, faloidini inayoonyesha vinyweleo, na p27Kip1, protini inayosimamisha seli zisigawanyike, kama unaangalia umri mdogo. Hizi nne zinakufikisha mbali.

Hatua ya 3: jiulize kama shamba lilitengwa

Kabla ya seli yoyote ya nywele kuna sikio lenyewe. Linaanza kama sehemu nene ya ngozi ya kiinitete pembeni ya ubongo wa nyuma, kwa panya karibu siku ya 8 na nusu, ishara za FGF (protini za ujumbe kutoka kwa majirani) zinaiambia iwe sikio, jeni za Pax2 na Pax8 zinawaka, ngozi inadidimia inakuwa kikombe, kikombe kinajifunga kinakuwa kimfuko. Eya1 na Six1 zinafanya kazi mapema hapa, na kwa binadamu zikiharibika zinaleta ugonjwa unaogusa sikio, shingo na figo kwa pamoja. Kwa hiyo ukiona koklea nzima imedumaa au umbo la sikio lote limekwenda kombo, usipoteze muda na jeni za baadaye, rudi huku.

Ndani ya kimfuko hicho sehemu fulani zinatengwa kuwa shamba la seli za hisia. Anayelitenga ni Sox2, akisaidiana na Jag1 ambayo inaamsha Notch, kipokezi kilicho juu ya seli cha kusikilizana na jirani. Panya wasio na Sox2 sikioni hawapati shamba, na bila shamba hamna seli za nywele na hamna seli saidizi, vyote viwili vinakosekana.

Kipimo chake ni rahisi. Angalia p27Kip1 karibu siku ya 14 na nusu. Kwa panya mzima utaona ukanda mmoja uliong'aa unaokwenda kwa urefu wa koklea, hilo ndo shamba. Ukanda haupo, kosa liko hatua hii. Ukanda upo lakini baadaye hamna seli za nywele, songa mbele.

Hatua ya 4: zilikosa kuzaliwa, au zilizaliwa zikafa?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote kwenye mwongozo huu, na ndo linalokosewa zaidi, kwa sababu ukiangalia panya mkubwa majibu yote mawili yanafanana: hamna seli za nywele. Tofauti iko kwenye wakati.

Upande wa kukosa kuzaliwa yupo Atoh1. Hii ni protini inayokaa kwenye DNA na kuwasha jeni nyingine, na ndo swichi kuu. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba panya asiye na Atoh1 hapati seli hata moja ya nywele, si kwenye koklea, si kwenye sehemu za sikio zinazolinda mizani ya mwili. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa upande wa pili, ukiingiza Atoh1 kwa nguvu kwenye seli za jirani ambazo kwa kawaida zingekuwa kitu kingine, nazo zinageuka kuwa seli za nywele. Ukiitoa hamna, ukiiweka zinatokea, ushahidi mtamu kama huo haupatikani kila siku. Kingine cha kujua kuhusu Atoh1 ni kwamba inajiwasha yenyewe, pembeni ya jeni yake kuna kipande cha DNA ambacho protini yake inakikalia na kuongeza uzalishaji wake, kwa hiyo ikishaanza kidogo inapanda kwa kasi, kama moto ulioshika nyasi kavu. Angalizo la vitendo: panya wasio na Atoh1 mwilini kote wanakufa mara tu wakizaliwa kwa sababu hawawezi kupumua, hivyo usipange kuwaangalia wakubwa, waangalie mwisho wa mimba, siku ya 18 na nusu.

Upande wa kuzaliwa halafu kufa wapo Pou4f3 na Gfi1. Atoh1 inaziwasha, wao wanaendeleza na kulinda. Bila Pou4f3 seli zinatokea, zinahama mpaka mahali pake, zinawaka Myo7a kabisa, ila zinashindwa kutengeneza kishungi cha maana, halafu zinaanza kujiua kabla ya kuzaliwa, na siku chache baada ya kuzaliwa koklea ni tupu. Gfi1 nayo ina kazi ya kuzima jeni za neva ndani ya seli za nywele ili seli isichanganye mambo, bila yenyewe seli za nje zinakufa mapema sana, za ndani zinavumilia kidogo, na kitako kinaanza kuathirika kabla ya kilele. Ukiona mteremko huo wa kitako kwenda kilele na seli za nje kutangulia, Gfi1 iweke juu kwenye orodha yako.

Kwa hiyo fanya hivi: usichukue umri mmoja, chukua mitatu. Siku ya 15 hivi ya mimba, siku ya 18 na nusu, na siku chache baada ya kuzaliwa. Weka Myo7a pamoja na antibodi ya kaspesi-3 iliyoamshwa, ambayo inawaka kwenye seli inayojiua. Myo7a haijawahi kuonekana umri wowote, ni kukosa kuzaliwa. Myo7a ilionekana kisha ikafifia huku kaspesi ikiwaka, ni kufa. Ukiwa na umri mmoja tu mkononi, andika kwamba hujui, usikisie.

Kwa binadamu tofauti hii inaonekana waziwazi. Mwaka 1998 iligundulika familia moja Israeli ambayo watu wake wanapoteza kusikia wakiwa watu wazima, jeni yenyewe ni POU4F3, herufi 8 za DNA zimedondoka. Wana nakala moja nzima na moja mbovu, seli zao zilizaliwa vizuri, wakasikia utotoni, ila ulinzi wa kudumu ukapungua. Inanigusa sana kila nikiifikiria, mtu anasikia vizuri miaka yote ya ujana kisha anaanza kupoteza, na chanzo kilikuwepo tangu siku ya kwanza ya mimba.

Hatua ya 5: kama zimezidi, hesabu majirani

Watu wakiona seli nyingi wanafurahi, wanasema Notch hiyo. Subiri. Kuna njia tatu za kupata safu za ziada na kila moja ina jeni zake.

Ya kwanza ni Notch kweli. Kwenye shamba, seli nyingi mwanzoni zina uwezo wa kuwa za nywele. Ile inayotangulia kuwasha Atoh1 inaweka Dll1 na Jag2 juu ya uso wake, inamgusa jirani, Notch ya jirani inakatwa, kipande chake kinaingia kwenye kiini na kuwasha Hes1, Hes5 na ndugu zao, ambazo zinazima Atoh1 ya huyo jirani, basi jirani anakuwa seli saidizi. Ndo maana hakuna seli mbili za nywele zinazogusana. Vunja mawasiliano haya, kwa mfano kwa kutoa Jag2 au kwa dawa inayozuia ile Notch kukatwa, na majirani wanageuka seli za nywele. Alama yake: seli za nywele zimeongezeka, seli saidizi zimepungua, na utakuta seli za nywele zimebanana bega kwa bega.

Ya pili ni breki ya kugawanyika. p27Kip1 ndo inayozisimamisha seli zisiendelee kuzaana. Ikitolewa, seli zinaendelea kugawanyika hata baada ya wakati wake, na hapo zote mbili zinaongezeka, za nywele na saidizi. Panya hawa ni viziwi vilevile. Wingi peke yake hausaidii, mpangilio ukiharibika na usikivu unaharibika.

Ya tatu ndo mtego. Vangl2 na wenzake wanaoelekeza seli ziangalie upande gani pia wanasaidia koklea kurefuka. Wakiharibika koklea inabaki fupi na nene, kilele kinaonyesha safu nyingi, lakini seli hazijaongezeka, zimerundikana tu mahali padogo! Ukihesabu kwa kila maikromita 100 utapata namba kubwa ya kukudanganya.

Kwa hiyo hapa hesabu mara tatu: jumla ya seli za nywele kwa koklea nzima, jumla ya seli saidizi zenye Sox2, na urefu wa koklea. Inachosha, najua, macho yanauma. Ila bila hizo namba tatu huwezi kutenganisha hizo njia, na nimeona mabishano ya wiki nzima yakimalizwa na rula tu.

Hatua ya 6: ni za ndani au za nje?

Hii tupite haraka. Tbx2 inaifanya seli iwe ya ndani na ibaki ya ndani, kazi za 2022 zilionyesha ukiiondoa seli ya ndani inageuka kufanana na ya nje. Insm1 kwa muda mfupi inazizuia seli za nje zisiwe za ndani, na Ikzf2 inazikomaza. Angalia kama prestini, protini inayoifanya seli ya nje irefuke na kufupika, ipo mahali pake. Ukiikuta kwenye safu ya ndani, au ukakuta safu za nje zina seli zisizokuwa nayo, shida yako iko hapa.

Hatua ya 7: angalia juu ya seli, vishungi

Sasa faloidini. Ongeza ukuzaji mpaka uone seli moja moja. Kwenye seli ya nje ya panya mchanga kishungi kina umbo la herufi V, na ncha ya V zote zinaangalia upande mmoja, ukingo wa nje wa koklea. Mwanzoni kila seli ina kinyweleo maalum kimoja, kinosilio, kinachohama kutoka katikati kwenda pembeni kikivuta umbo zima, baadaye kwenye koklea kinapotea.

V zimezunguka hovyo, moja kaskazini nyingine mashariki, lakini kila V peke yake ni nzuri: ni jeni za mwelekeo, Vangl2, Celsr1, familia ya Frizzled.

V zinaangalia sawa lakini vinyweleo ni vifupi mno: Myo15a, Whrn, Eps8, hawa ndo wanaobeba vifaa mpaka kwenye ncha ili kinyweleo kirefuke.

Kishungi kimepasuka vipande vipande: Myo7a, Cdh23, Pcdh15 na kundi lao. Cdh23 na Pcdh15 zinaungana kutengeneza kiuzi chembamba kinachofunga ncha ya kinyweleo kifupi na ubavu wa kirefu, Cdh23 juu, Pcdh15 chini, na kwenye mwisho wa chini ndo iko Tmc1 inayofungua mlango wa umeme. Kwa binadamu kundi hili likiharibika ndo ugonjwa wa Usher aina ya 1, mtoto anazaliwa kiziwi, ana shida ya mizani hivyo anachelewa kutembea, halafu baadaye macho yanaanza kufifia. Tahadhari moja: kama mnyama wako amepoteza Myo7a yenyewe, usitumie antibodi ya Myo7a kutafuta seli zake, utaona giza na kusema hazipo. Tumia nyingine, kwa mfano ya Pou4f3 au Myo6.

Hatua ya 8: kila kitu kiko sawa lakini mnyama hasikii

Usiseme picha imeharibika. Kuna sehemu mbili za kwenda. Moja ni chini ya seli ya ndani, pale inapoongea na neva, jeni ya kutazama ni Otof. Bila protini yake seli inapokea sauti vizuri, seli za nje zinafanya kazi, ila ujumbe hautoki. Kwa mtoto utaona kipimo cha mwangwi wa sikio kinapita wakati kipimo cha mawimbi ya ubongo hakionyeshi kitu.

Nyingine ni seli saidizi. GJB2, jeni iliyohusishwa na uziwi mwaka 1997 na ambayo ni kati ya sababu kubwa za uziwi wa kurithi duniani, haifanyi kazi ndani ya seli za nywele kabisa. Iko kwa majirani, inatengeneza mirija ya kupitishiana chumvi na vitu vidogo.

Hatua ya 9: hamisha maswali yako kwenye ripoti ya binadamu

Sasa hivi zaidi ya jeni 120 zimehusishwa na uziwi usioambatana na ugonjwa mwingine. Ukisoma ripoti ya vipimo vya jeni vya mgonjwa, DFNA maana yake nakala moja mbovu inatosha, DFNB lazima zote mbili ziwe mbovu, DFNX iko kwenye kromosomu X. Halafu chukua kalamu, andika pembeni ya jina la jeni: hatua ya ngapi? Hiyo namba inakuambia kitu ambacho jina peke yake halikuambii, yaani kama bado kuna seli za kuokoa.

Angalia OTOF, hatua ya 8. Seli zipo, vishungi vipo, kinachokosekana ni protini moja. Jeni yake ni ndefu kuliko virusi vya kubebea vinavyoweza kubeba, watafiti wakaigawa kwenye virusi viwili, vipande vyake vikaungana ndani ya seli, na Januari 2024 yalichapishwa matokeo ya watoto sita waliotibiwa China, watano kati yao usikivu ulirudi. Nilipoyasoma nilikaa kimya dakika kadhaa.

Hatua ya 4 ni nyingine kabisa, seli hazipo, lazima uzitengeneze upya kutoka kwa seli saidizi. Ndege wanaweza, tangu 1988 tunajua kuku akiharibiwa seli hizi zinaota tena. Kwa panya mchanga wa siku chache, ukizuia Notch baadhi ya seli saidizi bado zinageuka, lakini uwezo huo unashuka ndani ya wiki ya kwanza, na kwa mkubwa Atoh1 peke yake haitoshi kwa sababu sehemu za DNA inazopaswa kuzikalia zimeshafungwa. Ndo maana sasa watu wanaziingiza Atoh1, Gfi1 na Pou4f3 zote tatu kwa pamoja, na mchanganyiko unafanya vizuri zaidi kuliko Atoh1 ikiwa peke yake. Ukikutana na picha za majaribio hayo, anza tena na hatua ya 2: umri gani, sehemu gani ya koklea, na ndugu yake yuko wapi.